Bwawa la Mazoezi Nyuma ya Nyumba: Anza na Urefu, Mengine Yafuate

Bwawa langu la kwanza lilikuwa na umbo la korosho. Upande mmoja kulikuwa na ngazi pana, upande wa pili kibaraza cha kukalia ndani ya maji, na ukipima kutoka tumboni hadi kwenye ncha ulipata mita 9. Wageni walilisifu sana. Mimi niliyelijenga ili niogelee kila alfajiri kabla ya kazi niliacha kuingia humo baada ya miezi mitatu, nikarudi kulipa kiingilio kwenye bwawa la watu. Navuta mikono minne, ukuta. Mikono minne, ukuta. Mwili haukupata nafasi ya kushika mwendo.

Kosa lilikuwa langu, kwa sababu nilimwachia mchoraji aanze na sura ya bustani, mazoezi yakaja mwisho. Bwawa la mazoezi ni njia iliyonyooka yenye kuta mbili za kugeukia. Ukilipata hilo, vitu vingine vyote vinaweza kupungua na bado ukawa na bwawa zuri. Ukilikosa, hakuna kigae wala taa itakayokuokoa.

Hatua ya 1: Andika mazoezi yako kabla ya kuita fundi

Chukua karatasi. Andika unaogelea mara ngapi kwa wiki, mita ngapi kila mara, kwa mitindo gani, na nani mwingine atatumia bwawa. Mtu anayejiandaa kuogelea baharini, mtindo huru tu, mita 2,000 kwa mwendo mmoja, ana mahitaji yake. Binti wa miaka 13 aliye kwenye klabu ana mengine, kwa sababu yeye lazima afanye mitindo yote minne (huru, mgongo, kifua na kipepeo) na kugeuka ukutani mara mia kwa siku. Wa kwanza anaweza kuridhika na bwawa fupi lenye mkondo wa maji unaosukumwa na mashine. Wa pili asipopata kuta mbili nzuri hana mazoezi.

Jiulize pia kama kuna bwawa la mita 25 au 50 karibu na kwako. Kama lipo, ni safi, na linafunguliwa saa unazozitaka, fedha za ujenzi zingekulipia kiingilio kwa miaka mingi. Nasema hivi nikiwa mpenzi mkubwa wa bwawa la nyumbani. Bwawa linadai pampu kila siku, klorini kila siku, na mtu wa kuliangalia hata ukisafiri. Ukishakubali hayo, endelea.

Hatua ya 2: Hesabu mikono, ndipo uchague urefu

Ukijisukuma ukutani vizuri, mwili unateleza kama mita 5 kabla hujaanza kuvuta maji. Upande wa pili, karibu mita 1 ya mwisho inaliwa na kugeuka. Kinachobaki katikati ndicho unachoogelea. Mwogeleaji wa kawaida wa mtindo huru husogea takriban mita 1 kwa kila mkono, hivyo hesabu inakuja hivi:

- Bwawa la mita 10: mikono 4, halafu ukuta.
- Bwawa la mita 15: mikono 9.
- Bwawa la mita 20: mikono 14.
- Bwawa la mita 25: mikono 19.

Sasa chukua zoezi la mita 1,500. Kwenye mita 25 utavuka mara 60. Kwenye mita 10 utavuka mara 150, na kwa kuwa kila mara uliteleza mita 5, mita 750 kati ya hizo hukuziogelea. Ulisukumwa na miguu yako. Moyo unafanya kazi, sikatai, lakini mabega na pumzi havijifunzi kuendelea. Ukiingia bwawa refu au baharini, unagundua kwamba ulikuwa unapumzika ukutani bila kujijua.

Mwaka 2000, kwenye Olimpiki ya Sydney, Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 100 mtindo huru kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Alikuwa amejifunza kuogelea miezi michache tu kabla ya hapo, akifanya mazoezi kwenye bwawa dogo la hoteli, na hakuwa amewahi kuona bwawa la mita 50 mpaka alipofika kwenye michezo. Mita 50 za kwenda alizimudu. Za kurudi, ukumbi mzima ulisimama kumshangilia, maana kila mtu aliona nguvu zinamwisha. Alimaliza, na namheshimu sana kwa hilo. Ninapoulizwa kwa nini nasisitiza urefu kuliko kitu kingine chochote, ndiye ninayemkumbuka.

Ushauri wangu: kama kiwanja na mfuko vinaruhusu, jenga mita 25. Mita 20 ni bwawa zuri kabisa la mazoezi. Chini ya hapo, chagua urefu unaogawa 100 bila kuacha baki, ili saa yako iwe na maana. Mita 20 unavuka mara 5 kupata 100. Mita 16.67 unavuka mara 6. Mita 12.5 unavuka mara 8. Mita 15 ndiyo inayopendwa na wajenzi wengi, lakini haigawi 100. Ukivuka mara 7 umefika 105, na muda wako haulinganiki na wa mtu yeyote. Mita 1.67 zaidi zinakutoa kwenye usumbufu huo.

Upana wa njia moja ni mita 2.5, ambao ndio upana wa njia kwenye bwawa la Olimpiki. Lakini kule jirani yako ni kamba inayomeza mawimbi, na hapa jirani yako ni ukuta unaoyarudisha. Ukiweza kufika mita 3, utaogelea kipepeo bila kuogopa kugonga vidole.

Watu wengi wanaposikia mita 25 wanadhani ni anasa ya hoteli. Linganisha na bwawa la familia ambalo majirani wanajenga kila siku, mita 10 kwa 5, kina cha wastani mita 1.5. Hilo linabeba lita 75,000. Njia ya mita 25 kwa 2.5 yenye kina cha mita 1.35 inabeba lita 84,000 na kidogo. Njia ya mita 20 kwa 2.5, kina mita 1.3, inabeba lita 65,000 tu, pungufu kuliko lile la familia. Gharama inayoongezeka iko kwenye kuta. Bwawa la familia lina takriban mita za mraba 95 za kuta na sakafu za kupigwa plasta na kuwekwa vigae. La mita 20 lina kama 108, na la mita 25 lina kama 137. Kwa hiyo la mita 20 linakugharimu vigae vichache zaidi na maji machache, na unapata mara mbili ya urefu. Mpe mkandarasi wako hesabu hiyo kabla hajakwambia haiwezekani.

Hatua ya 3: Piga kamba na vigingi

Usiamini macho, wala mchoro. Nunua kamba ya katani na vigingi nane, kisha chora bwawa lenyewe ardhini pamoja na unene wa kuta, ambao ni sentimita 20 hadi 25 kila upande, na njia ya kutembea angalau mita 1 upande mmoja wa urefu na kwenye ncha zote mbili. Acha kamba hizo kwa wiki nzima. Watoto wapite, gari ligeuke, nguo zianikwe. Utajua mapema nani ataumia.

Kiwanja cha mita 20 kwa 30, ambacho ni cha kawaida katika miji ya Tanzania, kinapokea mita 25 kandokando ya upande mrefu. Hata kile cha Kenya cha futi 50 kwa 100, yaani mita 15.2 kwa 30.5, kinaipokea, ila bwawa, njia yake na nafasi ya kuachana na ukuta wa mpaka vitakula kama mita 5.5 za upana, na nyumba itabaki na mita 9.7. Kama nyumba bado haijajengwa, jambo hilo linapangika. Kama imeshajengwa katikati ya kiwanja, huenda mita 20 au 16.67 ndiyo jibu lako.

Usilisogeze shimo hadi kwenye ukuta wa uzio. Msingi wa uzio mwingi wa mtaani ni mfupi, na ukichimba mita 1.7 pembeni yake unaweza kuuangusha juu ya mafundi. Acha umbali usiopungua kina cha shimo, au mlete mhandisi aseme vinginevyo kwa maandishi. Angalia pia shimo la maji taka liko wapi. Na kibali cha ujenzi kutoka halmashauri au kaunti kitafutwe sasa, wakati mchoro bado unabadilika kwa kalamu.

Hatua ya 4: Kama nafasi haitoshi, leta maji yakufuate

Chini ya mita 12 usijidanganye na kwenda na kurudi. Kuna njia mbili za kuogelea ukiwa umesimama mahali pamoja.

Ya kwanza ni mkanda wa kiunoni wenye kamba ya mpira, unaofungwa kwenye nguzo nyuma yako. Ni rahisi kuliko kila kitu kilichomo katika mwongozo huu. Nguzo iwe na ndoano iliyo juu ya maji, ili kamba isikuguse miguuni unapopiga teke. Bwawa la mita 5 linatosha. Ubaya wake ni kwamba mpira unakuvuta kiunoni wakati wote, na watu wengine mgongo unawauma baada ya nusu saa. Jaribu kwenye bwawa la mwenzako kabla ya kujenga kwa kutegemea mkanda huo.

Ya pili ni mashine ya mkondo. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo soma polepole. Mashine za bei nafuu husukuma maji kwa matundu madogo yenye nguvu. Mkondo wake ni mwembamba na umejaa mapovu. Ukisogea kando kidogo unatupwa. Zile za panga kubwa linalozunguka, kama la boti lakini lililofichwa nyuma ya wavu, hutoa mkondo mpana na tulivu, na hizo ndizo za mazoezi. Muuzaji atakutajia nguvu ya mota. Wewe muulize jambo moja: maji yanakwenda mita ngapi kwa sekunde pale mwogeleaji alipo? Mtu anayeogelea mita 100 kwa dakika 2 anahitaji mita 0.83 kwa sekunde. Wa dakika 1 na sekunde 40 anahitaji mita 1 kamili. Wa dakika 1 na sekunde 20 anahitaji 1.25. Mashine isiyofika kasi yako ya mazoezi makali itakuwa pambo. Uliza pia kama inataka umeme wa fezi tatu, na ujue kwamba mota ya kilowati 4 inakula uniti 4 kwa kila saa unayoogelea.

Mkondo haukufundishi kugeuka. Kwa mtoto wa klabu, hilo linautoa kwenye orodha.

Hatua ya 5: Kina kimoja, sakafu tambarare

Mteremko wa kutoka mita 0.9 hadi mita 2 unatokana na mabwawa ya hoteli, ambako watoto wanacheza huku na watu wanaruka kule. Kwa mazoezi haukusaidii kitu. Mita 1.3 hadi 1.5 kutoka mwanzo hadi mwisho inatosha: mkono haugusi chini, unageuka kwa kupinduka bila kuogopa kichwa, na ukichoka unasimama popote. Weka mwinamo mdogo tu wa kupeleka maji kwenye bomba la chini.

Kina hicho si cha kupiga mbizi kutoka ukingoni. Sheria za kimataifa zinataka angalau mita 1.35 mbele ya jukwaa la kuanzia, na hiyo ni kwa waogeleaji waliofundishwa namna ya kuingia juujuu. Nyumbani anzia ndani ya maji.

Hatua ya 6: Linda zile kuta mbili za mwisho

Kama kuna sehemu ya kugombana na fundi, ni hapa. Nilipojenga la pili nilisikia mara tatu, "Bosi, bwawa bila ngazi pana pale mbele halipendezi." Ngazi ikikaa kwenye ukuta wa mwisho, umepoteza mita moja ya urefu na sehemu nzima ya kugeukia. Iingize kwenye ukuta wa upande, kwenye kipembe kilichochimbwa nje ya njia, au acha vishimo vya kukanyagia ndani ya ukuta pamoja na vishikio viwili juu. Ngazi ya chuma inayochomolewa nayo inafaa, mradi ichomolewe kweli.

Kuta za mwisho ziwe wima kabisa, zitazamane sambamba, na angalau sentimita 80 za juu ziwe na vigae visivyoteleza, kwa sababu hapo ndipo nyayo zinapotua. Vigae vyenye kung'aa vitakuangusha goti. Ukingo wa juu usijitokeze juu ya maji kama paa. Utakugonga kisigino siku ya kwanza unayogeuka ukiwa umechoka. Kwenye ukuta wa upande unaweza kuweka kidaraja chembamba cha kupumzishia miguu, sentimita 10 hadi 15, mita 1.2 chini ya maji. Mwisho wa njia usiweke chochote, hata taa.

Taa hasa. Ikiwa kwenye ukuta wa mwisho, ukiogelea alfajiri inakumulika machoni njia nzima. Weka taa za volti 12 kwenye kuta ndefu. Matundu ya maji yanayorudi kutoka kwenye chujio nayo yakae kwenye kuta ndefu, yasije yakakusukuma kwenda na kukuzuia kurudi.

Mstari wa chini uwe mweusi au buluu iliyokoza, upana wa sentimita 25 hivi, katikati ya njia, na uishie mita 2 kabla ya ukuta kwa mstari wa kukingama wa mita 1. Huo ndio unaokwambia geuka. Vigae vingine vyote viwe vyeupe au buluu hafifu. Bwawa jeusi linaonekana kama ziwa kwenye picha, lakini mtoto aliyezama chini yake haonekani.

Kwa anayeogelea mgongo, bendera za kumwonya kwamba ukuta umekaribia zikae mita 5 kutoka kila ukuta, mita 1.8 juu ya maji. Mwambie fundi afukie vipande vya bomba kwenye sakafu ya nje vya kuchomekea nguzo kabla hajaweka vigae. Ukisahau, utakuja kutoboa vigae vipya, kama mimi.

Hatua ya 7: Maji yatulie na yawe safi

Njia nyembamba hupiga mawimbi. Dawa bora ni maji kumwagika juu ya ukingo wa pande ndefu na kuingia kwenye mfereji, kisha kwenye tangi la akiba na kurudi kwenye pampu. Wimbi likifika ukingoni linamezwa. Mfumo huo unaongeza gharama ya mfereji na tangi. Kama huwezi, tumia skima za kawaida, yaani matundu ya ukutani yanayonyonya takataka zinazoelea, na uweke maji karibu na ukingo kadiri skima inavyoruhusu. Skima ikae upande upepo unakopeleka takataka. Pwani upepo wa kusi ndio unaotawala kuanzia Aprili hadi Oktoba, hivyo majani yanakusanyika upande wa kaskazini. Na kama kuna mkungu au mwembe juu ya hapo, hama wewe au uuhamishe mti. Hakuna skima inayoshindana na mkungu.

Pampu ichuje maji yote kwa saa 6 hivi. Kwa bwawa la lita 65,000 hiyo ni karibu lita 11,000 kwa saa. Pampu ya nguvu farasi moja ikifanya kazi saa 8 kwa siku inakula uniti 6. Shika pH kati ya 7.2 na 7.8, klorini kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na kwa kuwa jua letu linaiteketeza klorini ndani ya saa chache, weka asidi ya sianuriki ya kuilinda, kipimo cha miligramu 30 hadi 50 kwa lita.

Maji ya kisima yapimwe kabla. Yenye chumvi yanakula pampu na vyuma. Yenye chuma yanageuka rangi ya chai dakika ulipomwaga klorini, na yanaacha madoa kwenye vigae vyako vipya. Ukitumia boza la lita 10,000, bwawa la mita 20 linataka maboza saba.

Hatua ya 8: Ijue ardhi yako kabla ya kusaini chochote

Chimba shimo la majaribio mita 2, uliache siku kadhaa, na ikiwezekana ulifanye wakati wa masika. Maeneo mengi ya Dar es Salaam yaliyo karibu na bahari, maji yako mita chache tu chini ya miguu. Bwawa lililojaa halina shida. Bwawa lililomwagwa maji wakati wa mvua linaelea kama mtumbwi, zege lote, na likishanyanyuka halirudi. Bwawa refu na jembamba linapasuka katikati. Dai vali ya kupunguza mgandamizo wa maji ya ardhini chini ya sakafu na mifereji ya kokoto kandokando, na usimwage bwawa kati ya Machi na Mei kwa sababu yoyote ile bila mhandisi.

Unguja na Mombasa utakutana na jiwe la matumbawe: linasimama vizuri, ila kulichimba ni siku nyingi za nyundo. Embakasi na Syokimau utakutana na udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Huo uondolewe wote chini ya bwawa na kujazwa kifusi kilichoshindiliwa. Njia ya mita 25 juu ya udongo ule bila maandalizi ni kama rula juu ya godoro.

Kwa urefu huu, chagua zege lenye nondo. Mabwawa ya faibaglasi huja yakiwa mazima juu ya lori, na ni mafupi kwa sababu hiyohiyo. Kuta za tofali tupu zisikubaliwe.

Hatua ya 9: Joto

Maji ya mashindano yanakaa kati ya nyuzi 25 na 28. Pwani, bwawa lenye kina kifupi lililo juani mwezi wa Februari linapita 30 bila shida, na mazoezi makali kwenye maji ya moto ni hatari. Mmarekani Fran Crippen alifariki Oktoba 2010 akishindana kilomita 10 huko Fujairah, Falme za Kiarabu, kwenye joto kali, na baada yake shirikisho la dunia likaweka kikomo cha nyuzi 31 kwa mashindano ya maji ya wazi. Ukipita hapo, punguza zoezi. Weka wavu wa kivuli juu ya njia, na uogelee alfajiri.

Nairobi na Arusha tatizo ni la upande wa pili. Kupandisha lita 65,000 kwa nyuzi moja kunahitaji nishati ya uniti 75. Ukiwa na pampu ya joto, umeme unaotumika ni kama sehemu ya tano ya hizo. Lakini kabla ya kununua mashine yoyote, nunua turubai la plastiki lenye mapovu la kufunika maji usiku, kwa maana joto jingi linaondoka na mvuke. Njia nyembamba ni rahisi kufunika. Mtu mmoja anaivuta na kuikunja.

Hatua ya 10: Usalama unachorwa, hauongezwi baadaye

Uzio wa pande zote nne wenye urefu wa angalau mita 1.2, usiopandika, na geti linalojifunga lenyewe. Ukuta wa nyumba usihesabiwe kuwa upande wa nne kama una mlango unaofunguka bwawani. Mabomba ya chini yawe mawili, yaliyoachana, yenye vifuniko visivyonasa nywele wala mwili. Marekani ilitunga sheria ya vifuniko hivyo mwaka 2007 baada ya watoto kunaswa na kuzama. Umeme wote wa bwawa upite kwenye swichi ya kukata umeme unaovuja ya miliampea 30.

Na wewe unayeogelea peke yako alfajiri: usifanye mazoezi ya kubana pumzi chini ya maji bila mtu ukingoni. Kuhema haraka haraka kabla ya kuzama kunaondoa ile hamu ya kuvuta hewa, na mtu mwenye nguvu anazimia kimya kimya kwenye kina cha mita 1.3.

Hatua ya 11: Kipimo kiandikwe kwenye mkataba

Andika hivi: "Urefu wa maji, kutoka kigae hadi kigae, ni mita 20.00." Mafundi hupima zege. Plasta na vigae vikija, kila ukuta unasogea ndani sentimita 2 au 3. Kwenye mita 25 sentimita 5 zinaonekana si kitu, lakini ukivuka mara 60 umeiba mita 3, na saa yako imekudanganya kila siku. Zege limwagwe likiwa refu kidogo.

Zege likishakomaa siku 28, lijazwe maji kabla ya plasta wala kigae. Weka alama ukutani. Pembeni ya bwawa weka ndoo ya maji, nayo uitie alama, ikuonyeshe jua linakunywa kiasi gani. Baada ya siku 7, kama bwawa limeshuka zaidi ya ndoo, linavuja, na mkandarasi alizibe kwa gharama yake huku bado unamdai kazi. Malipo ya mwisho yasitoke mpaka upime kwa futi ya chuma, sehemu tatu: kushoto, katikati na kulia, wewe ukishika ncha moja na yeye nyingine.